Mwongozo Kamili wa Kuikataza Theluji Isipande Gari

Theluji ya Kilimanjaro ina adabu. Imejikalia kule juu, karibu na mita 5,895, na haijawahi kushuka mpaka Moshi mjini kuuliza gari hili la nani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima huo mweupe na kuandika habari zake, mabingwa wa jiografia waliokaa London wakambishia. Tusiwalaumu sana. Theluji waliyoizoea wao haikai mbali na watu namna hiyo. Huja hadi mlangoni.

Theluji ya Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, ni ya ukoo huo wa kuja mlangoni. Kwa wastani huanguka kama sentimita 130 kila msimu, na kila sentimita inaamini kwamba gari lako ni basi na yenyewe ni abiria. Haina nauli, haishuki kituoni, na ikipata nafasi inapanda hata chini ya gari, kule ambako abiria mwenye akili hapandi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Mswahili aliyejikuta konda wa basi hilo bila kuomba kazi.

Kabla hujaanza, ijue kanuni moja inayotawala elimu hii yote: dawa kadiri inavyofanya kazi ndivyo inavyokuwa mbali na mfuko wako. Kwa hiyo hatua zimepangwa kuanzia ile yenye hakika kabisa hadi ile unayoimudu. Ukijikuta umeteremka hadi za mwisho, usihuzunike. Wote tuko huko.

Hatua ya kwanza: Hama

Hamia Tanga. Lamu pia inafaa, ila huko itabidi ubadilishe gari kwa punda. Hakuna dawa ya theluji iliyowahi kuishinda hii: gari lililoegeshwa chini ya mwembe wa Tanga halijapatwa na theluji hata mara moja, na halihitaji kupakwa kitu wala kufunikwa. Madhara yake ni madogo. Kutu utaikuta kulekule, kwa kuwa pwani nayo ina chumvi. Tofauti ni kwamba pwani chumvi inakuja bure na upepo wa bahari, ilhali Minnesota wanaimwaga barabarani kwa fedha ya kodi yako.

Kama una mkataba wa kazi, watoto shuleni na deni la hilo gari lenyewe, endelea na hatua ya pili.

Hatua ya pili: Usiwe na gari

Katikati ya jiji la Minneapolis, tangu mwaka 1962, wenyeji wamekuwa wakijenga madaraja yenye kuta za vioo yanayounganisha jengo na jengo, ghorofa moja juu ya barabara. Sasa yanafika kama kilomita 15. Mtu anaweza kutoka nyumbani, akaenda kazini, benki, kwa kinyozi na hotelini, akarudi kulala, bila kuvaa koti. Theluji anaiangalia kupitia kioo, kama mtalii.

Unachohitaji ni nyumba ya katikati ya jiji na kazi ya katikati ya jiji. Kama kazi yako ni zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, nje ya mji, mahali ambapo basi la mwisho huondoka kabla hujamaliza kumgeuza mzee wa tatu kitandani, endelea.

Hatua ya tatu: Liweke gari ndani

Gereji ni dawa nzuri mno, na ndiyo maana mwenye nyumba anaitoza kodi yake peke yake. Ukibahatika kuipata, utagundua siri ya gereji za Waswahili wa Marekani: hazina nafasi ya gari. Mna mapipa mawili ya vitu vya kusafirisha nyumbani, godoro la yule mgeni aliyekuja kwa wiki mbili akakaa hadi akapata kazi, sufuria za shughuli, na jiko la kuchomea nyama linalosubiri Julai. Vyote hivyo viko salama na theluji. Gari liko nje.

Anayeweza kuyaondoa mapipa bila ugomvi wa ndoa na apewe tahadhari. Gereji yenye joto huyeyusha theluji, lakini haiondoi chumvi iliyokuja nayo. Chumvi, maji na joto vikikutana chini ya bodi, kutu hupiga kazi usiku kucha kwa raha zake. Basi suuza chini ya gari pale panaporuhusu. Chagua siku ambayo halijoto imepanda juu ya sifuri, na baada ya kuosha futa raba za milango. Vinginevyo milango itaganda na utaingia kupitia buti mbele ya majirani.

Hatua ya nne: Egesha kwa akili

Gari likilala nje, elekeza pua yake mashariki. Jua la asubuhi, hata lile la Januari lisilopasha moto kitu, litaanza kukilainisha kioo cha mbele kabla hujamaliza chai. Usiegeshe chini ya ukingo wa paa wala chini ya mti. Theluji ya angani inakutosha, huna haja ya mrundo wa ziada.

Kisha isome ratiba ya jiji. Theluji ikizidi, Minneapolis hutangaza dharura ya theluji ya siku tatu, na ratiba yenyewe ingefaa kuwa swali la mtihani wa uraia. Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, hakuna kuegesha upande wowote wa barabara zilizotengwa kwa dharura. Siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, barabara nyingine hupigwa marufuku upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa zilezile, ni zamu ya upande wa namba witiri. Kati ya saa hizo jirani atakuwa amezunguka mtaa akitafuta nafasi, na wewe utakuwa nyuma yake ukiitafuta nafasi hiyohiyo.

Anayeipuuza ratiba hulipata gari lake kwenye yadi ya jiji, baada ya kulipia faini na gharama za kuvutwa. Anayeifuata nusunusu hupata zawadi nyingine: greda hupita na kumjengea ukuta wa theluji ubavuni, mgumu na mzito kuliko theluji iliyoanguka yenyewe. Kule Chicago, mtu akishachimba nafasi yake mtaani huiwekea kiti kibovu kuonyesha kwamba ina mwenyewe, na watu wazima hukiheshimu kiti hicho kuliko kibao cha serikali. Usikiondoe. Hata kama ni kiti cha plastiki cha mguu mmoja, kina wenyewe, na wenyewe wako dirishani.

Hatua ya tano: Livishe

Duka lolote la vifaa vya magari litakuuzia shuka la kufunika kioo cha mbele. Linafanya kazi vizuri, kwa sharti kwamba theluji ianguke ikiwa kavu. Mvua ikitangulia, shuka hulowa, huganda, na asubuhi una vitu viwili vya kubandua badala ya kimoja. Boksi la kadibodi ni kosa hilohilo kwa bei nafuu. Vioo vya pembeni vivalishe mifuko ya plastiki. Waipa zinyanyue zisigusane na kioo, labda upepo uwe mkali. Wengine huzivisha soksi. Gari litachekwa, lakini nani ana nguvu ya kucheka saa kumi na moja alfajiri?

Lipo jambo la bure ambalo hakuna anayelitangaza, kwa kuwa halina faida dukani. Ukifika nyumbani, zima hita, fungua milango dakika mbili, uache joto la ndani litoke. Kioo chenye joto huiyeyusha theluji inayotua, kisha kikipoa maji yale hugeuka barafu iliyoshikamana na kioo. Kioo kilichopoa huibeba theluji ikiwa vumbi, ukaipangusa kwa mkono. Na kabla ya kuzima gari hakikisha waipa umezizima. Ukiziacha zimewashwa, zitaganda, na kesho ukiwasha gari mota ya waipa itavuta kitu kisichovutika hadi fyuzi iungue.

Hatua ya sita: Paka, puliza, nyunyiza

Hapa ndipo soko lilipo, na kila jirani ana kichupa chake. Nta ya kung'arisha bodi husaidia theluji iteleze. Haiizuii isitue. Silikoni kwenye raba za milango ni ya kweli na inafaa: raba haitanatana na chuma. Spiriti sehemu mbili kwa maji sehemu moja, ikipulizwa juu ya barafu nyembamba, huilegeza. Siki inayosifiwa na kila shangazi haina miujiza: huganda nyuzi mbili tatu tu chini ya sifuri, na baridi ya Minneapolis ikifika hapo watu huiita siku nzuri. Jeli ya mikono iliyobaki tangu enzi za korona ina kazi hatimaye: paka kwenye ufunguo, ingiza kwenye kitasa kilichoganda, subiri kidogo.

Maji ya moto ni haramu. Usimwage birika juu ya kioo cha mbele hata kama shemeji amekushauri kwa simu kutoka Mombasa. Kioo baridi kikipata moto wa ghafla hupasuka, na hapo theluji itapanda hadi kiti cha dereva. Shemeji huyohuyo atakuuliza, "Kwani huko hakuna vijana wa kuosha gari?" Mjibu kwa upole. Vijana wapo, nao wamelala.

Kuhusu chumvi, angalia kwanza kipimajoto, tena ujue ni cha nani. Jirani Mmarekani akikwambia leo ni digrii 15, usitoke na fulana: 15 yake ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri yako. Na hapohapo ndipo chumvi ya kawaida ya barabarani inapoanza kuchoka. Chini ya hapo huyeyusha polepole mno, na ukiimwaga kwa hasira inabaki chembe za kukwaruza viatu.

Hatua ya saba: Pambana na rojo

Theluji nyeupe ni mgeni wa heshima ukiilinganisha na rojo. Rojo ni theluji iliyokwisha kukanyagwa, ikatiwa chumvi, mchanga, masizi na mafuta ya malori, ikawa nzito na nyeusi. Tairi huirusha juu, ndani ya fenda, nayo hushika chuma baridi tabaka juu ya tabaka. Mchana chumvi huifanya ibaki laini. Maji yaliyokolea chumvi sawasawa hukataa kuganda hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, lakini rojo la barabarani halijakolea kiasi hicho, na usiku ukiingia hukaza. Asubuhi unakata kona, usukani unakataa, na tairi inasugua donge la ukubwa wa mbuzi wa kafara.

Namna za kulizuia ni tatu, na zote zinahitaji miguu. Ya kwanza, lipige teke jioni, mara tu unapofika, lingali laini. Ukilingoja hadi asubuhi litakuwa na nguvu kukushinda, na plastiki ya ndani ya fenda ikishaganda hupasuka kabla ya donge. Piga pembeni ya donge kwa kisigino, usipige bampa. Wapita njia wasiojua watadhani umegombana na gari. Waache.

Ya pili, chunguza rimu. Rojo likiganda ndani ya rimu upande mmoja, gurudumu hupoteza mizani na usukani hutetemeka ukifika kasi ya barabara kuu. Wengi hukimbilia kwa fundi. Fundi hukwangua kwa kijiti, hukuangalia machoni, kisha hutaja bei.

Ya tatu, mipira ya nyuma ya matairi. Inawalinda walio nyuma yako na matope, na hiyo ni sifa njema. Lakini kwenye rojo zito mipira hiyo yenyewe hugeuka rafu ya kupangia madonge. Ukiifunga, umeongeza sehemu nne za kupiga teke. Angalau utapata mazoezi.

Hatua ya nane: Fagia gari zima

Tumefika pale ambapo duka, jirani na shemeji hawana la kukuuzia. Chukua ufagio wenye kichwa cha sponji, usichukue beleshi la chuma, kwa kuwa beleshi hufagia na rangi. Amka nusu saa kabla ya muda wako.

Anza na bomba la moshi. Hili halina mzaha: bomba likizibwa na theluji huku injini inaunguruma, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu hurudi ndani, na watu wamekufa wakipasha gari moto huku wamekaa ndani yake. Fukua bomba kwanza, ndipo uwashe. Wala usiwashe gari ukaliacha likiunguruma peke yake wakati wewe unakunywa chai. Ujerumani ni kosa kisheria, na mahali pengine ni mwaliko kwa mwizi, ambaye atakushukuru kwa kumwekea na joto.

Kisha paa. Paa ndilo linalowatenganisha watu. Yupo dereva anayekwangua tundu la ukubwa wa sahani mbele ya uso wake, kwa kadi ya benki isiyo na salio, kisha anaingia barabara kuu akiwa amejikunja kulichungulia tundu hilo.

"Baba Neema, umefagia gari?"

"Nimefagia, mama Neema."

"Mbona juu kumejaa?"

"Juu sipitii kuangalia njia."

Kweli hupitii. Ila fanya hesabu. Gari la kawaida ukilitazama kutoka juu lina kama mita nane za mraba. Theluji ya sentimita 20, kwa uzito wa kilo 100 kila mita ya ujazo, inakupa kilo 160: abiria wawili wanene, juu ya gari, bila mkanda. Ukifunga breki, wa mbele anashuka juu ya kioo chako na waipa hazimwezi. Ukiongeza mwendo, wa nyuma anaruka kwa dereva anayekufuata, na kama usiku ameganda, anaruka akiwa bamba la barafu. New Jersey wamelichoka jambo hilo: dereva asiyejitahidi kuondoa theluji na barafu kabla ya kuondoka hutozwa dola 25 hadi 75, na bamba hilo likimuumiza mtu au kuharibu mali, faini huanzia dola 200 hadi 1,000. Kwa maneno mengine, abiria wako akishuka vibaya, nauli unalipa wewe.

Malizia na vioo vyote, boneti, namba za gari, kamera ya nyuma na taa. Taa za kisasa za LED zinakula umeme kidogo na mbele yake hazitoi joto la kutosha, kwa hiyo theluji haiyeyuki juu yake kama ilivyokuwa kwa balbu za zamani. Unaweza kuendesha saa nzima ukiamini unamulika, kumbe unamulika theluji yako mwenyewe.

Ukimaliza utakuwa umelowa mgongo, vidole havina habari, na gari linang'aa. Hapo ndipo theluji itaanza kuanguka tena. Hujakosea hatua yoyote. Huku kufagia hakuizuii isirudi, na wala haikuwa kazi yake. Kazi yake ni wewe kufika kazini, na aliye nyuma yako naye afike.

Hatua ya tisa: Usiutoe ufagio kwenye buti

Mwaka 1991 msimu ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba, watoto wakiwa mitaani na mavazi yao ya Halloween. Hadi tarehe 3 Novemba Minneapolis ilikuwa imepokea sentimita 72. Mwaka 2018, katikati ya Aprili, watu wakiwa wameshatoa viti vya bustanini, zilianguka zaidi ya sentimita 35. Kwa hiyo jua likichomoza Machi, majirani wakivaa kaptura na mama Neema akiuliza kwa nini ufagio mchafu unasafiri na mboga za sokoni, mwambie unangoja Juni. Juni ikifika, hesabu miezi iliyobaki hadi Oktoba, kisha uuache palepale.